Mkono Usiorudia Kazi Husahau

Mwezi wa Januari 2024 mitaala mipya ilianza kutumika katika shule za Tanzania, kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023. Kwa mitaala hiyo kijana aingiapo sekondari aweza kufuata mkondo wa elimu ya jumla, au mkondo wa amali, yaani kujifunza kazi ya mikono pamoja na masomo ya darasani. Kabla ya hapo mzigo wa kuwafunza vijana ufundi ulibebwa zaidi na vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, pamoja na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa mwaka 1975, na vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi. Sasa mzigo huo umeingia na katika shule za sekondari.

Twaipokea hatua hiyo kwa furaha. Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twajua kwamba kila nyumba ipendezayo, kila kiti kikaliwacho na kila taa iwakayo ina mkono wa fundi nyuma yake. Nchi iwaheshimuyo wenye kalamu na kuwasahau wenye randa na mwiko hujikuta ina mipango mingi na kazi chache zilizokamilika.

Walakini mazungumzo mengi tuyasikiayo juu ya ufundi ni ya majengo na ya idadi. Wilaya ipi imepata chuo? Wanafunzi wangapi wamesajiliwa? Mashine ngapi zimenunuliwa? Hayo ni maswali ya haki, na mwananchi ana haki ya kuyauliza. Lakini lipo swali moja ambalo ni nadra kusikika, nalo ndilo tutakalo kuliweka mbele ya wasomaji wetu leo. Kijana aliyefundishwa kazi, akaifanya sawasawa mbele ya mwalimu wake, akatiwa alama na kupongezwa, je, miezi sita baadaye bado aijua?

Twasema wazi kwamba mara nyingi haijui, au aijua nusu. Tena twasema kwamba kosa si la kijana, wala si la mwalimu peke yake. Kosa limo katika namna tulivyozoea kuipanga kazi ya kufundisha ufundi.

Desturi ya ratiba zetu ni kwenda mbele tu. Juma hili wanafunzi wa useremala watachonga kiungio cha ulimi na tundu. Juma lijalo watatengeneza droo. Juma la tatu watapiga vanishi. Kila kazi hupewa juma lake, hufanywa, hutiwa alama, kisha hufungwa kama faili la kesi iliyokwisha hukumiwa. Kiungio kile cha juma la kwanza hakitaguswa tena mpaka mtihani wa mwisho, na pengine hata katika mtihani hakitatokea.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme karakana ina mashine tatu za kuchomelea vyuma, na darasa lina wanafunzi 30. Kipindi cha saa tatu kina dakika 180. Kwa hiyo mashine tatu zatoa dakika 540 za kazi. Ukizigawa kwa wanafunzi 30, kila mmoja apata dakika 18. Katika dakika hizo 18 kijana hana budi kuvaa kinga ya uso, kushika kijiti cha kuchomelea, kuwasha, kukosea, kusahihishwa, na kujaribu tena. Wakati huo wenzake 27 wamesimama wakitazama. Na juma lifuatalo, pale mkono wake ulipokuwa ukianza kuelewa umbali wa kijiti na mwendo wake, somo limekwisha badilika. Hata hivyo katika daftari la mwalimu imeandikwa kwamba darasa zima limefundishwa kuchomelea vyuma.

Sasa tutazame jinsi akili ya binadamu ifanyavyo kazi, kwa maana jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1885 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akajipima ni kiasi gani cha kazi ile ya kukariri kilichosalia baada ya muda. Aliona kwamba baada ya saa moja tu zaidi ya nusu ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Baada ya hapo upotevu ulipungua mwendo. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walilirudia jaribio hilo na kupata picha inayofanana sana na ile yake.

Lakini Ebbinghaus aliona jambo la pili, ambalo kwa walimu wa ufundi lina thamani kuliko lile la kwanza. Aliona kwamba kurudia mara 38 kulikogawanywa katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Msomaji na alitafakari jambo hilo. Mtu ni yule yule na orodha ni za namna moja, lakini aliyegawanya kazi yake aliokoa mara 30 za jasho. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kazi imerudiwa mara ngapi. Yatupasa kuuliza pia imerudiwa lini.

Mtu aweza kutujibu kwamba hizo ni silabi za kinywani, ilhali sisi twazungumza juu ya mikono. Na tuitazame mikono. Katika miaka ya 1970 Posta ya Uingereza ilitaka kuwafundisha wafanyakazi wake kutumia kibodi, ili barua zichambuliwe kwa mashine. Wachunguzi wawili, Baddeley na Longman, ambao taarifa yao ilitoka mwaka 1978, waliwagawa wanafunzi hao katika makundi. Wengine walifanya mazoezi saa moja kwa siku. Wengine saa mbili. Wengine saa nne, yaani vipindi viwili vya saa mbili mbili. Ilionekana kwamba wale wa saa moja kwa siku walihitaji saa chache zaidi kwa jumla ili kuijua kazi, kuliko wale wa saa nne.

Vivyo hivyo imeonekana kwa waganga wapasuaji, ambao hakuna atakayesema kwamba kazi yao si ya mikono. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanyika Kanada juu ya madaktari 38 waliokuwa wakijifunza kuunganisha mishipa midogo ya damu. Nusu yao walipewa masomo manne kwa siku moja; nusu nyingine walipewa masomo yale yale manne, moja kila juma. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, wale waliofundishwa kila juma waliwashinda wenzao. Masomo yalikuwa sawa na vifaa vilikuwa sawa. Kilichobadilika ni kalenda.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu, ambalo twawaomba walimu na wakuu wa vyuo walisome kwa utulivu. Katika uchunguzi ule wa Posta, wale waliojifunza saa moja kwa siku, ambao ndio waliotumia saa zao vizuri zaidi, ndio walioridhika kidogo kuliko wote. Waliona kwamba wanakwenda polepole. Wale wa saa nne walijiona wanakimbia, nao wakafurahi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi hawezi kutegemea moyo wake umwambie kama amejua. Kazi iliyofanywa mara kumi mfululizo asubuhi moja humpa mtu raha na majivuno. Mara ya kumi mkono wateleza wenyewe, na mwalimu apitapo atikisa kichwa kwa kuridhika. Wote wawili wamedanganyika. Wanapima joto la chungu ambacho kingali mekoni, na kusema kwamba kitakuwa na moto hata kesho.

Tena ujuzi haupotei wote kwa namna moja. Mtu aliyejua kuendesha baiskeli utotoni, akiipanda baada ya miaka 20 atayumba kidogo, kisha atakwenda zake. Kazi ya mwendo mmoja usiokatika hukaa mwilini muda mrefu. Lakini kazi yenye hatua nyingi, ambayo kila hatua ina mahali pake na haikumbushi ile ifuatayo, ndiyo isahaulikayo upesi. Waganga wafundishao namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama wameona kwamba ujuzi huo huanza kufifia ndani ya miezi michache, hata kwa watu waliofaulu vizuri siku ya somo. Na kazi za ufundi zimejaa hatua za namna hiyo. Fundi umeme huzima kwanza. Hupima kama kweli umeme umekatika. Hufunga waya wa ethi, ule uendao ardhini. Hupima tena kabla ya kuwasha. Mtu asahauye shairi jukwaani hupata aibu. Fundi asahauye hatua moja kati ya hizo aweza kuua.

Wala asidhani mtu kwamba hasara hii yamhusu kijana peke yake. Mwenye kuilipa kwanza ni yule mzazi aliyeuza ng'ombe au gunia za mpunga ili apate karo. Wa pili ni mwajiri, ambaye kwa sheria hutoa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, kisha ampokeapo kijana mwenye cheti huona kwamba lazima aanze kumfundisha upya. Wa tatu ni mwananchi wa kawaida, mjane aliyejinyima miaka mitano ili aweke umeme katika vyumba vyake viwili, naye hana njia ya kujua kama waya zilizofichwa ndani ya ukuta zimefungwa na mtu akumbukaye au na mtu akisiaye.

Je, ni elimu ngeni hii tunayoinena? Hata kidogo. Lugha yetu yenyewe ina neno kudurusu, maana yake kuyarudia masomo ili yakae. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mwanafunzi anayehifadhi hapewi sehemu mpya na kuachiwa aisahau ile ya zamani. Husomeshwa mpya na kusikilizwa ya nyuma, na mwalimu mwenye busara hamruhusu kuendelea mpaka ile ya nyuma imesimama. Kadhalika mwanagenzi aliyewekwa kwa fundi cherehani alipinda mapindo ya nguo za wateja siku baada ya siku, akatia vifungo, akatoboa matundu yake, kabla ya kuruhusiwa kugusa kola. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, ndivyo wasemavyo wazee, na amali katika methali hiyo ni ile ifanywayo na kufanywa tena.

Lakini hatutaki kuusifu ukale kupita kiasi. Mafundi wengi wa zamani waliwatumia vijana kufagia na kuchota maji kwa miaka, wakawaficha siri ya kazi kwa kuogopa kupokonywa wateja. Wengine walirithisha makosa yao pamoja na ujuzi wao, kwa sababu mwanagenzi aliyerudia kosa mara elfu alitoka nalo likiwa limekauka kama saruji. Basi hatusemi vyuo vifungwe turudi barazani kwa fundi. Twasema chuo kichukue lile jema la baraza, yaani kurudia, na kulitia lile jema la chuo, yaani mpango, maelezo na sahihisho.

Tutaje sasa mambo manne yanayoweza kufanywa bila kusubiri sheria mpya wala mkopo kutoka nje.

La kwanza ni ratiba irudiyo nyuma. Nusu saa ya kwanza ya kila siku ya karakana itengwe kwa kazi ya zamani. Kiungio kilichochongwa leo kirudiwe kesho, kisha baada ya juma moja, kisha baada ya mwezi, kisha muhula ufuatao. Kila mara kitachukua muda mfupi zaidi kuliko mara iliyotangulia, kwa kuwa mkono unakumbushwa tu, haufundishwi upya. Haba na haba hujaza kibaba. Na nusu saa kwa siku, katika mwaka wenye siku 180 za karakana, ni saa 90 za kudurusu ambazo leo hazipo katika ratiba.

La pili ni kuchanganya kazi. Mwaka 1979 wachunguzi wawili wa Marekani, Shea na Morgan, waliwafundisha watu miendo mitatu ya mkono. Kundi moja lilimaliza mwendo mmoja wote kabla ya kuingia mwingine. Kundi la pili lilipewa miendo hiyo ikiwa imevurugwa. Siku ya mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baadaye, la pili ndilo lililokumbuka. Nasi twaona sababu yake kwa macho katika maisha ya kila siku. Mteja haji karakanani kwa mpangilio wa mtaala. Asubuhi huja mwenye pikipiki isiyowaka, mchana huja mwenye breki zisizoshika, jioni huja mwenye gari linalotoa moshi. Fundi hana budi kwanza kutambua ni kazi gani iliyo mbele yake, ndipo aifanye. Mwanafunzi ambaye kila mara huambiwa ya kwamba leo ni siku ya breki, hajapewa hata mara moja nafasi ya kujizoeza kutambua.

La tatu ni kujaribiwa bila msaada, mara kwa mara, na bila alama za kutisha. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma habari kisha wakajilazimisha kuikumbuka bila kuitazama, baada ya juma moja waliikumbuka kuliko wale walioisoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano tu wale wasomaji ndio walioonekana mbele. Kwa karakana maana yake ni hii: kabla mwalimu hajaonyesha tena jinsi ya kuunganisha taa ya ngazi yenye swichi mbili, kila mwanafunzi na aichore kwanza kwa kichwa chake katika kipande cha karatasi. Atakosea. Na kosa lile, likisahihishwa papo hapo, litamfundisha kuliko onyesho la tano la mwalimu.

La nne ni sahihisho. Kurudia bila kusahihishwa hakuna faida. Huimarisha lililo bovu. Mwaka 1993 Ericsson na wenzake waliandika juu ya wapiga fidla wa chuo cha muziki huko Berlin, wakaonyesha jinsi waliofika mbali walivyotumia saa nyingi katika mazoezi ya peke yao, yenye shabaha ya kuboresha sehemu fulani waliyokuwa dhaifu nayo. Basi haitoshi kumwambia mwanafunzi wa uashi ajenge ukuta tena. Na aambiwe: jana timazi ilionyesha kwamba kona yako imeinama, leo jenga kona tu, mara tatu, na pimamaji iwe mkononi mwako kila safu. Pale ambapo mwalimu mmoja ana wanafunzi wengi, wale wa mwaka wa pili wafanywe wasahihishaji wa wale wa mwaka wa kwanza. Wakubwa watadurusu kwa kufundisha, na wadogo hawatasimama wakisubiri.

Twajua pingamizi zitakazoletwa, na si haki kuzipuuza.

Pingamizi la kwanza ni gharama. Mbao ni ghali, vijiti vya kuchomelea ni ghali, vitambaa ni ghali; nani atalipa kila kazi irudiwe mara tano? Twajibu kwamba zipo njia ambazo walimu wenye maarifa wazijua tangu zamani. Ukuta wa mazoezi hujengwa kwa chokaa na mchanga pasipo saruji, ili ubomolewe jioni na matofali yale yale yatumike kesho. Mwanafunzi wa cherehani hufuata mistari juu ya karatasi, bila uzi, mpaka mkono na mguu vipatane, ndipo apewe kitambaa. Ubao wa umeme hufungwa na kufunguliwa waya zake mara nyingi kabla waya hazijachakaa. Kipande cha ubao chenye kiungio kibaya hukatwa ncha, na kiungio kingine huchongwa papo hapo. Kwa mashine zile tatu za kuchomelea, vyuma chakavu vya gereji za jirani vyatosha kwa mazoezi, na wale 27 wanaosubiri waweza kugawanywa katika kazi za zamani badala ya kusimama. Hata hivyo hatutaki kudanganya: njia hizi hupunguza gharama, haziiondoi. Chuo kipewacho jengo na mashine bila fungu la vifaa vya mazoezi kimepewa jiko bila kuni. Wapangao bajeti wajue kwamba vifaa vya kuharibia ni sehemu ya elimu ya ufundi kama vilivyo vitabu kwa elimu ya darasani.

Pingamizi la pili ni wakati. Mtaala ni mrefu, husema walimu, na mkaguzi atauliza kama tumeumaliza. Ni kweli. Lakini kumaliza mtaala ambao wanafunzi wamesahau nusu yake ni sawa na kujaza mtungi wenye ufa na kujisifu kwamba ndoo zote zimekwisha mwagwa ndani. Kama lazima jambo lipunguzwe, na zipunguzwe mada chache za pembeni, zile kazi za msingi ambazo fundi atazifanya kila juma la maisha yake zibaki na zirudiwe. Na mkaguzi naye abadili swali lake. Badala ya kuuliza mmefika ukurasa gani, achague kazi ya muhula uliopita na kuomba wanafunzi watano waifanye mbele yake.

Pingamizi la tatu ni la heshima zaidi. Husemwa kwamba kurudia rudia humfanya mwanafunzi kuwa kasuku, huua fikira, na kwamba dunia ya leo yataka watu wabunifu, kwa kuwa mashine hubadilika kila mwaka. Twakubali kwamba kasuku hatufai. Lakini yupi awezaye kubuni? Ni yule ambaye mkono wake haumwombi tena ruhusa kwa kila tendo dogo, ndipo akili yake ipate nafasi ya kutazama mbali. Seremala ambaye bado ahangaika kushika patasi hana wakati wa kubuni umbo jipya la kiti. Na mashine zibadilikapo, yule aliyeshika misingi kwa uthabiti ndiye avukaye upesi. Aliyeionja tu misingi hulazimika kuanza upya kila mara.

Limebaki jambo moja ambalo twaliona kuwa zito kuliko yote. Kijana amalizapo chuo aghalabu hapati kazi siku ya pili. Hukaa nyumbani miezi, pengine mwaka, bila msumeno, bila mashine, bila kifaa cha kupimia umeme. Katika miezi hiyo ule ujuzi uliogharimu karo ya mzazi na fedha ya taifa hupungua kimya kimya, bila mtu kuuona ukiondoka. Siku anapoitwa kazini ana cheti kilichoandikwa jina lake, lakini mikono yake imerudi nyuma. Mwajiri humcheka, naye mwenyewe huanza kuamini kwamba hakuwa na kipaji.

Jambo hili lina dawa. Karakana za vyuo na za shule za amali mara nyingi hufungwa jioni na wakati wa likizo. Na zifunguliwe siku moja kwa juma kwa wahitimu wasio na kazi, chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja, kwa ada ndogo au kwa kazi ya kutengeneza madawati na milango ya shule yenyewe. Halmashauri zitoazo mikopo kwa vikundi vya vijana zitazame kwanza wale wanaohitaji seti ya zana, kwa sababu zana mkononi ndizo zinazomzuia fundi kijana asisahau. Na waajiri wapokeapo vijana wa mafunzo kazini wasiwape ufagio na birika la chai. Wawape kazi ile ile waliyoisomea, warudie, wasahihishwe, na yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu ni kazi gani imefanywa na mara ngapi.

Tena mitihani yetu yenyewe yapaswa kutazamwa. Mtihani ufanywao mara tu baada ya majuma ya matayarisho hupima kile kilichopikwa jana. Twapendekeza kwamba sehemu ya alama za cheti itokane na kazi za mwaka wa kwanza, zikichaguliwa kwa kura siku ile ile ya mtihani, pasipo mwanafunzi wala mwalimu kujua mapema. Jambo hilo likijulikana kuwa ni sheria, hapana mwalimu atakayehitaji kuhubiriwa juu ya kudurusu. Ataingiza kudurusu katika ratiba yake kabla ya muhula kwisha.

Wazazi nao tunawaomba kitu kidogo. Kijana ajapo likizo, msimuulize tu amepata alama gani. Mwulizeni amefanya nini kwa mikono yake, na amekifanya mara ngapi. Kama nyumbani kuna mlango unaolegea au nguo iliyofumuka, mwachieni. Ataharibu kidogo mara ya kwanza, lakini uharibifu huo ni wa bei rahisi kuliko ule atakaoufanya akiwa na miaka 30 katika nyumba ya mtu mwingine.

Miaka michache ijayo wanafunzi wa kwanza wa mkondo huu mpya watatoka mashuleni mwao na kuja kwetu kutafuta kazi. Watajenga nyumba tutakazolala, watafunga nyaya tutakazoziwasha, watashona sare watakazovaa watoto wetu. Wakati wa kuamua kama watakuwa wameshika kazi au wameionja tu ni sasa, nao uamuzi huo hufanywa na mwalimu mkuu akaapo mezani kuipanga ratiba ya muhula. Na atenge ile nusu saa.